Siku Faustin Alipokataa Kusema Hakukiona

Ninaikumbuka vizuri siku waliyokuja kuniomba, mwanangu Divine. Siku hizi nikienda sokoni ninarudi bila chumvi niliyoifuata, lakini siku hiyo bado iko nzima kichwani mwangu, na harufu ya nyasi zilizokanyagwa chini ya turubai, na shangazi yangu akinikaza kitambaa begani mpaka nikashindwa kupumua. Sijawahi kukusimulia kwa sababu hukuwa na haja nayo. Tangu jana unayo.

Jana uliniambia, huku unachezea kikombe bila kunywa chai, kwamba kule benki unakofanya kazi wameona kwenye simu yako zile video za vitu vya angani ambavyo hakuna anayejua ni nini. Nyinyi mna majina yenu ya kisasa. Sisi tuliokulia Goma tunaviita ovni, kwa Kifaransa cha shuleni. Ulisema wanakucheka wakati wa chakula, kwamba mkuu wako amekuuliza mbele ya wenzako kama kweli unafuatilia mambo hayo, na kwamba Jumatatu utamjibu kuwa simu ilikuwa ya kaka yako. Nilinyamaza, ukadhani masikio yangu yameanza kuchoka. Nilisikia kila neno, ila nilikuwa nimerudi nyuma miaka mingi, kwenye ua wa baba yangu, hapa hapa Mbugangari, tulipohamia baada ya kuvuka mpaka.

Wakati huo baba yako mkubwa Faustin hakuwa na kitambi hiki unachokijua. Alikuwa kijana mwembamba, wakala wa forodha pale mpakani, mtu wa kushinda amesimama na makaratasi ya malori ya watu. Jioni moja, jua limezama lakini bado unamtambua mtu usoni, alikuwa anatembea kando ya ziwa baada ya kazi akaona kitu juu ya maji, upande wa Goma. Kilikuwa na mwanga na kilikuwa kimesimama. Ndege za Goma alizijua, maana zilikuwa zinampita kichwani kila siku. Moto wa volkano ya Nyiragongo aliujua tangu utotoni, na taa za wavuvi pia. Hiki hakikufanana na chochote katika hivyo. Kilikaa kimya hewani, kisha kikaondoka ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na mpaka leo hajayabadilisha.

Kikiwa bado kipo, alinipigia simu. Tulikuwa tumeshachumbiana. Nilikimbia na kandambili, nikafika pale pwani natweta, nikakuta ziwa tupu na mchumba wangu amesimama, bado anatazama juu. Mimi sikuona kitu, mwanangu. Nakuambia mapema ili usije ukasema mama yako mkubwa anatia chumvi.

Kesho yake asubuhi, wakiwa wanasubiri lango la mpaka lifunguliwe, Faustin akawaambia wenzake kama vile unavyosimulia kwamba jana umekutana na mtu mliyesoma naye. Ndivyo alivyo, jambo halikai naye. Kufikia mchana walikuwa wameshampa jina: Ovni. Baada ya siku chache hata madereva wa malori kutoka ng'ambo walikuwa wanafika pale na kuuliza, "Ovni iko wapi? Iko na makaratasi yangu." Yeye alikuwa anacheka pamoja nao. Mimi sikuwa nacheka, kwa sababu nilikuwa namjua baba yangu.

Babu yako, ambaye hukumkuta, alikuwa dereva wa lori aliyestaafu na shemasi wa kanisa. Mtu mpole, anayeondoa viatu mlangoni ili asiwaamshe watoto. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mchezo, nalo ni mapepo. Mara nyingi tulimsikia mezani akisema kwamba binti yake hatamtoa kwa mtu anayeona vitu. Kwake yeye, mtu anayeona vitu ni mtu wa kuombewa, si wa kupewa mke. Nilijua kwamba akizisikia habari za ziwani kabla ya ndoa, posa yangu itavunjika, na hakuna atakayemrudisha nyuma. Shangazi naye alijua. Alimwita Faustin pembeni akamwambia, "Baba, nyamaza kwanza mupaka ndoa ipite. Ukishapata muke, we ona hata malaika." Faustin alimsikiliza kwa heshima, hakusema ndiyo wala hapana. Na mimi, nikwambie ukweli, niliomba Mungu amnyamazishe. Nilikuwa nampenda mpaka naumwa.

Basi ikafika siku ya gusaba, yaani ya kuja kuniomba rasmi. Wewe umeziona za siku hizi, zenye vipaza sauti na wapiga picha wanaomkanyaga bibi harusi. Za wakati ule zilikuwa vilevile, ila wazee walikuwa na ndimi kali zaidi. Mchumba haongei. Baba wa binti haongei. Kila familia inaweka msemaji wake, na wasemaji hao wawili wanabishana mbele ya watu wote kama maadui, na uongo wote unaruhusiwa. Wa kwetu atasema binti mnayemtaka ameshakwenda utawani. Wa kwao atasema tumepishana naye njiani akiwa analia kwa kumkosa kijana wetu. Watu wanavunjika mbavu, vinywaji vinatolewa, mwishowe binti anatoka. Ni mchezo, lakini ni mchezo wenye sheria yake: neno la msemaji ni neno la familia. Akishalisema, nyote mmelisema.

Msemaji wetu alikuwa Mzee Gaspard wa Nyakiriba, mkulima aliyekuwa akialikwa mpaka Kigali kwa ajili ya mdomo wake. Naye alikuwa na desturi ya wasemaji wazuri: siku kadhaa kabla ya shughuli anazunguka mjini polepole na fimbo yake, anauliza habari za mchumba, anaokota vya kumtania navyo. Akafika mpakani. Huhitaji kuambiwa walichompa.

Upande wa kina Faustin alisimama Mzee Kalisa, baba yake mdogo, mwanajeshi mstaafu aliyerudi kutoka Uganda akawa analima viazi Busasamana. Mtu mwaminifu, mgongo umenyooka kama bado yuko kwenye gwaride. Huyu hakuna aliyemwambia kitu. Faustin alidhani ameshasikia kama mji wote ulivyosikia, na huko Busasamana watu walikuwa na mavuno yao ya kuhangaikia.

Nilikuwa ndani chumbani na shangazi, nimesimama nyuma ya pazia. Kupitia upenyo nilimwona Faustin ameketi mstari wa mbele na shuka lake jeupe begani, fimbo mkononi, amependeza mpaka nikasahau woga. Wazee walikuwa wanachanganya Kinyarwanda na Kiswahili, maana nusu ya wageni walikuwa wametokea Kongo kama sisi. Wakabishana kuhusu utawa, wakabishana kuhusu ng'ombe, kila kitu kikienda vizuri. Ndipo Mzee Gaspard akakohoa kidogo, akainua fimbo yake kuelekea ziwani.

"Bon. Iko neno moja. Tumesikia huyu kijana wenu anaongeaka na watu ya angani. Sasa mutoto wetu tukimutoa, atamuweka hapa Rubavu ao atamupeleka kwenye nyota? Huko kuko maji? Kuko soko?"

Turubai zima likaangua kicheko. Wenzake wa mpakani walikuwa wanagongana mabega. Nikamtafuta baba yangu kwa macho. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia viatu vyake.

Kama Mzee Kalisa angekuwa anajua, angelipokea kwa mzaha, akarudisha mzaha, tukaendelea. Hakuwa anajua. Aliona familia yake inavuliwa nguo mbele ya watu, akasimama kijeshi. "Hapana, wazee. Hiyo si kweli kabisa. Huyu mtoto wetu hajaona kitu, na hajasema kitu. Mimi nasema kwa niaba ya ukoo."

Mzee Gaspard akafurahi, kwa sababu mchezo ulikuwa umenoga. "Basi hakuna shida. Kijana asimame, aseme mwenyewe neno moja tu: sikuona. Akisema, tunakunywa, binti anatoka."

Mwanangu, neno moja. Na lingekuwa uongo wa kuruhusiwa, siku ambayo wazee wenye mvi walikuwa wamedanganya tangu asubuhi na kupigiwa makofi. Shangazi alininong'oneza, "Atasema, atasema tu." Nami nilikuwa nalisema kimoyomoyo kwa niaba yake: sema, Faustin, nakuomba, sema twende.

Akasimama. Alimgeukia kwanza Mzee Kalisa, akainama. Halafu akasema, kwa sauti ambayo haikuwa kubwa, "Wazee munisamehe. Baba mudogo unisamehe. Mi nilikiona. Sijui ni nini. Lakini siwezi kusema sikuona."

Kicheko kilikatika. Mzee Kalisa alikaa chini taratibu, na uso wake sitaki kukueleza ulivyokuwa. Baba yangu aliinua kichwa. Mimi nikashika fremu ya dirisha, nikawaza, imekwisha, nitabaki hapa hapa nyumbani.

Sasa angalia hekima ya mtu mzima. Mzee Gaspard angeweza kumchekesha mtu yeyote pale, lakini aliona mchezo umesimama, akashusha fimbo yake chini na kuanza kumuuliza kama mtu anayemuuliza mwanawe.

"Unasema ni mapepo?"

"Hapana mzee, sisemi."

"Unasema ni watu ya kwenye nyota?"

"Hata iyo sisemi. Ninasema tu nilikiona."

"Na ulipokiona ulifanya nini?"

"Nilimupigia Consolata simu, akuje aone na yeye. Alifika kikiwa kimeshaenda."

Watu wote wakageuza shingo kuelekea kwenye dirisha letu. Mzee Gaspard akasema nitolewe. Unajua binti anavyotolewa: nyimbo, wasichana mbele, kikapu cha zawadi mikononi. Mimi nilitoka bila wimbo, kitambaa kimeniteleza begani, shangazi ananifuata nyuma akijaribu kukirudisha. Nikasimamishwa mbele ya wageni, na mzee akaniuliza swali ambalo kila binti huulizwa siku hiyo, ambalo huwa ni la kupendezesha tu shughuli.

"Unamujua huyu mutu?"

Nilimtazama Faustin. Jasho lilikuwa linamtiririka, na hakuwa ananiomba kitu chochote kwa macho yake. Hicho ndicho kilichonimaliza. Alikuwa ameniachia nijibu nitakavyo. Nikasema, "Ninamujua. Mi sikuona hiyo kitu. Lakini yeye nilimuona, saa ile ile, na hakuwa anadanganya."

Baba yangu hakuruhusiwa kuongea, kama nilivyokwambia. Alimwita Mzee Gaspard kwa kidole, wakanong'onezana, na sisi tukasubiri. Sijawahi kusubiri kitu hivyo, hata kujifungua sikusubiri hivyo. Kisha mzee akarudi katikati akainua mkono.

"Mwenye nyumba anasema hivi. Leo hapa wote tumedanganya, na tulikuwa na ruhusa. Huyu pia alikuwa na ruhusa, akaikataa, na alijua anaweza kunyimwa muke. Mwenye nyumba anasema mambo ya ovni haielewi, na ataendelea kuomba. Lakini siku atakuwa hayuko, anataka mutoto wake abaki na mutu wa kumuambia ukweli. Mulete maziwa."

Maziwa yakiletwa, binti ameshatolewa. Nililia mbele ya watu, na sikuona haya.

Lakini usifunge masikio bado, kwa sababu sikukuleta hapa nikusifie mume wangu. Baada ya chakula Mzee Gaspard alituita sisi wawili nyuma ya turubai, akamgombeza Faustin, polepole, kwa sauti ya chini. Alimwambia, "Ukweli wako ni muzuri. Lakini ulimuleta Muzee Kalisa mbele ya watu akusemee, na hukumuambia kitu uko nacho. Ulimuacha peke yake. Mutu wa kukusemea, umuambie yeye wa kwanza. Kabla ya rafiki, kabla ya watu ya kazi."

Mzee Kalisa alikuwa ameshaondoka bila kula. Ilibidi tupande Busasamana kumwangukia miguuni. Tulimkuta shambani, hakututazama, akaendelea kulima mstari wake mpaka ukaisha. Alipomaliza akajiegemeza kwenye jembe akamwambia Faustin kwamba askari anaweza kufa kwa ajili ya mtu wake, ila si vizuri kumpeleka vitani bila kumwambia adui yuko upande gani. Kisha akatabasamu kidogo, akasema jambo ambalo Faustin hulirudia mpaka leo. "Ungeniambia, ningewajibu: ndiyo, mtoto wetu alikiona, kwa sababu yeye huwa anatazama juu, na nyinyi siku hiyo mlikuwa mnatazama sahani." Alikuwa na jibu, mwanangu. Hakupewa nafasi ya kulitumia.

Sitakudanganya kwamba kazini mambo yalikwenda laini. Jina la Ovni lilimng'ang'ania. Kuna mkuu mmoja aliyekuwa hamtumi kwenye mikutano na wageni, akisema atatuaibisha, na Faustin aliumia kwa hilo miaka mingi. Alikuwa anarudi nyumbani, nami namwekea chakula bila kumuuliza. Lakini pia walianza kuja watu. Polisi mmoja alimsubiri kwenye maegesho akamwambia alichokiona akiwa lindoni. Muuguzi mmoja alikuja mpaka hapa nyumbani, akazungumza mambo ya hospitali, akazungumza bei ya maharage, akakaribia kuondoka, ndipo akafunguka. Wote walianza na maneno yale yale: naomba usinicheke. Faustin hakuwaambia ni nini walichokiona, maana hajui. Aliwasikiliza tu. Nilikuwa nawaona wanavyotoka pale mlangoni, mabega yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, Divine, na uichukue kwa utaratibu. Usiseme simu ni ya kaka yako. Si kwa sababu ni uongo mkubwa, ni mdogo sana, lakini ukishaukubali utakuwa unaulinda kila siku ya kazi, na hawa watakaokupenda benki watakuwa wanampenda mtu mwingine. Mkuu wako akikuuliza, mjibu kwa kifupi na kwa heshima: ndiyo, ninafuatilia, yananivutia. Usiongeze. Usije ukaanza kuwahubiria watu wanaokula wali wao. Na pale ambapo hujui, sema hujui. Neno hilo ndilo lililomfanya baba yangu amsikilize Faustin, kwa sababu waongo huwa wana majibu yote. Wakicheka, cheka nao pale unapoweza, na pale inapouma, njoo kwangu, chai ipo. Fanya kazi yako vizuri kama unavyoifanya sasa. Na akitokea mtu anayekunyemelea pembeni kukuambia la kwake, usimcheke wala usilipeleke mezani wakati wa chakula.

Ila kabla ya hayo yote kuna moja. Mama yako hajui. Najua hajui, kwa sababu angejua angekuwa ameshanipigia simu akilia kama mtu aliyefiwa. Huyo ndiye atakayekusemea kanisani, kwa majirani, kwa wakwe zako siku Mungu akiwaleta. Mdogo wangu namjua: atakugombeza kwanza, halafu hapatakuwa na mtu mjini hapa atakayethubutu kukucheka mbele yake. Usimwache asikie sokoni.

Mungu akulindie macho yako na ulimi wako, mwanangu. Akupe kuona mengi, na akupe watu wa kuwaambia. Sasa inuka uende nyumbani. Saa hizi mama yako yuko jikoni anamenya viazi peke yake. Chukua kisu kingine ukae karibu naye.